Wakili Kiboko na Vyungu vya Wateja

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na chungu!

Ndani ya chungu?

— Hatujui, kimefunikwa!

Nani atafunua?

— Wewe mwenye hadithi!

Haya, nafunua. Sogeeni, nyinyi vijana wenye makoti meusi huko nyuma. Nimesikia mmekaa kwenye semina tangu asubuhi, mnafundishwa namna ya kutafuta wateja, na waheshimiwa wakubwa wenu wameketi hapa mbele na matumbo yao. Mimi nimeitwa niwachangamshe kabla ya chakula. Sifundishi kitu. Ngano ni uwongo mtupu, kwa hiyo mkimtambua mtu humu ndani, mmemtambua wenyewe.

Hapo kale wanyama walikuwa na baraza lao la kuamua kesi. Lilikaa kila mwaka baada ya mavuno, na hakimu alikuwa Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja tangu kesi ya kwanza hadi ya mwisho. Mnyama hakuruhusiwa kujisemea mwenyewe. Anayejisemea huanza kulia, na akianza kulia hamalizi. Ilibidi awe na wakili, na wakili hakulipwa kwa kitu kingine ila chungu. Mteja alipika alichonacho, akapeleka, wakili akaonja. Akishaonja, wamefungana.

Wamefungana vipi? Tegeni sikio, maana hapa ndipo penye kisa. Sheria ilisema hivi: mdomo ulioonja chungu cha mtu hausemi dhidi ya mtu huyo. Hausemi kabisa! Na ili pasiwe na ujanja, baraza lilikuwa na karani, Mhanga, yule mwenye pua ndefu ya kutafutia mchwa. Kila wakili kabla ya kusema alifungua mdomo, Mhanga akatia pua, fnf! fnf!, kisha akatangaza mbele ya watu wote ni chungu cha nani kilichopita humo. Hakuna aliyewahi kuidanganya pua ile.

Sasa, wakili mkubwa kuliko wote alikuwa Kiboko. Wakili Msomi Kiboko! Ofisi yake ilikuwa bwawani, na alipopanua mdomo, bwoooo!, ungedhani sheria zote za nchi zimelala mle ndani kwenye mkeka. Wateja walimwogopa, na kwa kumwogopa walimpikia.

Chini yake walikuwapo mawakili vijana watatu. Nungunungu alimkuna mgongo kwa miiba. Kwale alizijua sheria zote kwa moyo, kazi yake ikawa kumnong'oneza Kiboko barazani ili Kiboko azitamke kwa sauti nene kana kwamba ni zake. Na Nguchiro, ndiye mwenye hadithi hii, alibeba kigoda cha Kiboko, kigoda kilicholowa maji mwaka mzima. Vyungu vilipofika bwawani, Kiboko alikula, kwacha! kwacha!, mpaka ukoko. Vijana walipewa vyungu vitupu wakavioshe.

Nguchiro huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: kutaka kujua. Akiona shimo, lazima aingize kichwa. Akisikia watu wanasemezana, lazima asimame. Mama yake, alipomwona anatoka nyumbani kwenda kusomea uwakili, aliwatangazia majirani wote kuwa mwanawe atasema barazani. Kila mwaka mama huyo alikuja, akaketi mbele kabisa, akamtazama mwanawe akibeba kigoda. Na kila mwaka majirani walimuuliza njiani wakati wa kurudi, "Mama Nguchiro, mwanao kasema saa ngapi? Mbona sisi hatukumsikia?" Jambo hilo lilimuuma Nguchiro kuliko njaa.

Asubuhi moja Kiboko akazuka majini, bwoooo!, akawaita vijana wake.

"Shikamoo, Msomi!"

"Marahaba. Sikilizeni. Wakili asiye na wateja wake mwenyewe si wakili, ni kuku. Samahani, Kwale."

"Si neno, Msomi."

"Baraza la mavuno linakaribia. Atakayekuwa na wateja wake atasema barazani kwa mdomo wake mwenyewe. Asiyekuwa nao, arudi kwao akachimbe panya."

Kwale akasema, "Mimi sili panya, Msomi."

"Basi ukachimbe chochote!"

Nguchiro masikio yalimsimama. Kusema barazani! Kwa mdomo wake! Lakini ugonjwa wake ukampanda, akauliza, "Msomi, tufundishe. Mteja anatafutwaje?"

"Swali la kitoto," Kiboko akasema, "lakini nitakujibu. Mteja anapenda mdomo mpana. Akiona mdomo mpana, anajua hapo pana sheria. Imbeni nyuma yangu!" Akawaimbisha, na nyinyi mniitikie:

Panua, panua,

— Mdomo panua!

Mteja akiona,

— Chungu atafunua!

Semina ikaishia hapo. Mnacheka nini? Nyinyi ya kwenu ilizidi hapo?

Vijana wakatawanyika. Kwale akaenda sokoni, akasimama katikati ya watu, akapanua mdomo wake mdogo. Vifaranga wa watu wakamkimbilia wakidhani anagawa minyoo. Nungunungu akaenda kwa Bi Mbuni, aliyeibiwa yai. Bi Mbuni alikuwa ameketi kiotani analia. Nungunungu, hodi hakupiga, pole hakusema, akapanua mdomo: "Bwoo! Mimi ni wakili!" Bi Mbuni akainua mguu, pwaa! Nungunungu alirudi na upande mmoja hauna miiba.

Nguchiro akaenda kwa Mama Ngiri, mkulima wa viazi vitamu. Akasimama mlangoni, akapanua mdomo wote. Kabla hajatoa sauti, nzi akaingia, vuuu!, mpaka kooni. Kho! Kho! Kho! Nguchiro akakohoa machozi yakamtoka, Mama Ngiri akamwonea huruma, akamletea maji kwenye kata.

Nguchiro alipokuwa anakunywa, jicho lake likaangukia shambani. Matuta ya upande wa pili yalikuwa yamefumuliwa, udongo umetupwa huku na huku. Akasahau wateja, akasahau mdomo mpana, akasahau hata yule nzi. Akauliza tu, kwa ugonjwa wake:

"Mama, kwani ilikuwaje?"

Lo! Mama Ngiri alikuwa na jambo hilo kifuani tangu lilipotokea, na hakuna aliyemuuliza. Wote walimwambia, "Pole, Mungu yupo," wakapita. Akakaa chini. Akaanza. Ni Mzee Nyani, jirani yake. Viazi kavipanda yeye Mama Ngiri, kavipalilia yeye, na Nyani kaja kavichimba mchana kweupe.

"Eeh? Na halafu?" Nguchiro akauliza.

Halafu Nyani akasema ni vyake.

"Alisema vyake? Kwa maneno gani hasa?"

Kwa maneno haya na haya, na tena amekaa juu ya tuta anatafuna.

"Alikaa tuta lipi, mama?"

Jua likapanda, jua likapinda. Mama Ngiri alipomaliza alifuta pua, akamtazama kijana. "Mwanangu, unafanya kazi gani wewe?"

"Mimi ni wakili, mama."

"Wakili? Na masikio hayo yote? Ngoja nikupikie."

Nguchiro akaondoka na chungu cha viazi vya nazi kichwani, moyo unamdunda, du! du! du! Amepata mteja! Alipofika bwawani, Kiboko akanyoosha shingo, akatia mdomo, kwacha! kwacha!, chungu kikabaki kinang'aa.

"Umefanya vizuri, kijana."

"Msomi, basi huyo ni mteja wangu? Nitamsemea mimi?"

"Chungu kaonja nani?"

"Wewe, Msomi."

"Basi mteja ni wa nani?"

Nguchiro akakiokota chungu kitupu.

"Jasho ni lako, mteja ni wangu," Kiboko akasema. "Lete mwingine."

Akaenda kwa Bi Mbuni. Safari hii alipiga hodi, akatoa pole, akakaa, akauliza, "Bi mkubwa, kwani ilikuwaje?" Bi Mbuni akaeleza habari za yai lake mpaka akapoa. Anamshuku Kenge, ambaye huzungukazunguka penye viota akidai anaota jua. Akapika chungu cha mtama na kunde. Kiboko akala, kwacha! kwacha! "Jasho ni lako, mteja ni wangu. Lete mwingine!"

Nguchiro akaenda zake akaketi juu ya kichuguu, tumbo limeshikana na mgongo. Uchungu ulimjaa. Aliwaza baraza, akawaza kigoda kilicholowa, akamwona mama yake njiani na majirani wale. Alitaka kulia. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa kutaka kujua halii kwa raha, maana katikati ya kilio humjia swali. Na swali lilikuja.

"Hivi," Nguchiro alijiuliza, "kila chungu ninachopeleka Msomi anakionja. Na akikionja hawezi kumsema mwenye chungu. Je, akionja vyungu vya kila mtu, atamsema nani?"

Akalizungusha swali lile kichwani. Akaliangalia huku, akaliangalia kule. Akaanza kucheka peke yake juu ya kichuguu.

Hapa lazima niwaambie kitu kimoja. Ofisini kwa Kiboko palikuwa na kazi ya kumuuliza kila mteja mgomvi wake ni nani, ili chungu cha mtu na chungu cha adui yake visikutane katika mdomo mmoja. Kazi hiyo Kiboko hakuifanya mwenyewe. Alisema majina ya watu wadogo yanamuumiza kichwa. Ilikuwa kazi ya vijana: wao waulize, wao wamwambie. Yeye kazi yake kuonja.

Nguchiro akashuka mbio, akawatafuta wenzake. "Kwale, Nungunungu, acheni kupanua midomo. Nendeni kwa watu, mketi, muulize ilikuwaje. Mkimpata mmoja, mtafuteni na mgomvi wake, muulizeni naye. Vyungu vyote vije kwa Msomi. Lakini sisi tusionje."

"Hata kulamba mwiko?" Nungunungu akauliza.

"Hata mwiko."

"Hata mvuke?"

"Mvuke puliza upande wa pili."

Yeye mwenyewe akaenda kwa Mzee Nyani. "Shikamoo, mzee. Nimesikia una jambo na jirani yako. Kwani ilikuwaje?"

Nyani akaruka juu kwa furaha. Na yeye hakuna aliyewahi kumuuliza! Wote walishamwita mwizi. Akaeleza: viazi vilipandwa kwa Mama Ngiri, sawa, lakini mashina yalitambaa yakavuka mpaka, yakatia mizizi kwake, yakanenepa kwa udongo wake, na yeye kachimba palipo pake. Nguchiro akatikisa kichwa. "Alaa! Na mpaka uko wapi, mzee? Hebu nionyeshe." Mwishowe Nyani akapika chungu cha ndizi.

Nguchiro akakifikisha bwawani. Alikitua polepole, maana alikuwa anacheza na mwenye meno. "Msomi, kabla hujaonja, huyu mwenye ndizi ana ugomvi na..."

"Nyamaza kwanza! Unasema na mtu chakula kikiwa mbele yake?" Kwacha! Kwacha!

"...na yule mama wa viazi, Msomi," Nguchiro akamalizia, taratibu, kwa adabu.

Kwacha! Kwacha! "Mh? Umesema nini?"

"Nimeshasema, Msomi."

"Umefanya vizuri. Lete mwingine!"

Siku ya pili akaleta chungu cha Kenge. Kilikuwa chungu cha maboga, na kilikuwa na harufu ambayo si ya maboga, lakini nani alimuuliza Nguchiro? "Msomi, huyu mwenye maboga ana ugomvi na..." Nyamaza kwanza! Kwacha! Kwacha! "...na yule bibi wa yai, Msomi." Mh? "Nimeshasema, Msomi." Lete mwingine!

Ikawa hivyo. Kwale akaleta cha Punda Milia, Nungunungu akaleta cha Nyumbu, waliokuwa wakigombania njia ya kwenda mtoni. Wote wakasema mgomvi ni nani, na wote walisema Kiboko akiwa anatafuna. Mnauliza kwa nini hawakusema kabla? Walijaribu! Na vipi hawakusema baada? Ah, mimi si wakili, msinibane.

Tena wateja wenyewe walipendezwa. Mnyama akishaulizwa ilikuwaje na akasikilizwa mpaka mwisho, humwambia na mwenzake. Njia ya bwawani ikajaa vyungu, na Kiboko akanenepa mpaka maji ya bwawa yakapanda ukingoni. Vijana watatu wakakonda. Kuna siku Nungunungu alishika mwiko wa Nyumbu, ulimi ukamtoka wenyewe, Nguchiro akaurukia mwiko ule akautupa majini. "Ndugu yangu, vumilia," akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuulamba yeye.

Siku ya baraza ikafika. Wanyama wakajaa uwanjani. Mama Nguchiro yuko mbele, majirani wako nyuma yake. Kiboko akaingia kwa kishindo, tii! tii! tii!, Nguchiro nyuma na kigoda. Watu wakaimba:

Panua, panua,

— Mdomo panua!

Korongo akainua mguu mmoja, akaita, "Mama Ngiri dhidi ya Mzee Nyani. Wakili wa Mama Ngiri?"

"Mimi!" Kiboko akasema.

"Wakili wa Mzee Nyani?"

Nyani akasema, "Ni huyohuyo."

Watu wakaangaliana. Korongo akasema, "Karani, nusa."

Kiboko akapanua, Mhanga akatia pua. Fnf! Fnf! "Nasikia viazi vya nazi vya Mama Ngiri." Watu wakaitika, sawa. Fnf! "Nasikia... ndizi za Mzee Nyani."

Mama Ngiri akashika kichwa. Nyani akaruka juu. "Kala vyangu na vyake?"

"Hatasema kesi hii," Korongo akasema. "Iitwe ya pili."

Ya pili ilikuwa Bi Mbuni na Kenge. Mhanga akarudisha pua. "Nasikia mtama na kunde vya Bi Mbuni. Nasikia maboga ya Kenge." Akaingiza pua ndani zaidi. "Na ndani ya maboga nasikia yai."

"Yai la nani?" Korongo akauliza.

Fnf! "La mbuni."

Kenge alikuwa ameshafika vichakani. Bi Mbuni akapiga ukelele, "Wakili wangu kala yai langu!" Na mzee mmoja huko nyuma akasema kwa masikitiko, "Msomi kala ushahidi."

Korongo akashusha mguu wa pili. Tangu baraza liwepo, hakuna aliyewahi kuuona mguu ule ukigusa ardhi. Zikaitwa kesi zote, na kila moja Mhanga alikuta vyungu viwili. Kiboko akaomba asukutue, akapewa maji, gogogogo!, Mhanga akanusa tena. Vyungu vilikuwa vilevile, ila sasa vimelowa.

Kiboko akamgeukia Nguchiro, macho mekundu. "Hukuniambia!"

"Nilikuambia, Msomi. Kila mara. Ulikuwa unatafuna."

"Basi baraza livunjike?" Korongo akauliza. "Watu warudi na ugomvi wao nyumbani? Hakuna mdomo mwingine?"

Nguchiro akaweka kigoda chini. Akatoka mbele. "Upo, Mheshimiwa. Tupo watatu."

"Hapana!" Kiboko akanguruma. Sasa sikilizeni, maana Kiboko alikuwa mlafi, mjinga hakuwa. "Mheshimiwa, hawa ni vijana wangu. Wako ofisini kwangu. Sheria inasema wanaokula chungu kimoja mdomo wao ni mmoja. Kama wangu umefungwa, na yao imefungwa!"

Korongo akamtazama Kwale, maana kila mtu alijua ni nani mwenye sheria kichwani. Kwale akainamisha kichwa. "Ni kweli, Mheshimiwa. Sheria hiyo ipo."

Nguchiro akamwona mama yake akishika shavu.

"Karani," Korongo akasema, "mnuse huyo kijana."

Nguchiro akafungua mdomo. Mhanga akatia pua. Fnf. Akangoja. Fnf, fnf. Akatoa pua, akaifuta, akaitia tena, maana jambo kama hili hakuwahi kukutana nalo.

"Nasikia vumbi," Mhanga akasema polepole. "Nasikia nzi mmoja. Chakula sisikii. Mheshimiwa, hapa pananuka njaa tupu."

Akanusa Kwale: njaa. Akanusa Nungunungu: njaa, na mvuke kwa mbali.

Korongo akamgeukia Kiboko. "Msomi, umesema wanakula chungu kimoja na wewe. Chungu kipi?"

Kiboko akafungua mdomo. Akatafuta chungu kimoja tu, kijiko kimoja tu, ukoko mmoja alioupa kijana. Hakuupata. Akafunga mdomo, akageuka, akashika njia ya bwawani huku watu wakimpisha. Mpaka leo mkimwona Kiboko majini anapanua mdomo mkubwa hivi, mtu husubiri asikie atasema nini. Hasemi.

Sasa pale uwanjani pakazuka vurugu nyingine. Mama Ngiri akasema, "Mimi namtaka huyu Nguchiro, aliniuliza ilikuwaje!" Nyani akasema, "Aliniuliza mimi pia, ni wangu!" Wakamvuta, huyu mkono, huyu mkia. Nguchiro akabaki na Mama Ngiri, aliyempa maji, na Nyani akapewa Kwale. Naona kijana mmoja hapo anataka kuuliza: mdomo wake safi, sawa, na masikio je, si yamesikia ya pande zote mbili? Swali zuri, mwanangu. Mhanga hanusi masikio.

Nguchiro akasema. Mwanzo sauti ilitoka nyembamba, watu wakainama kumsikia. Kisha akaeleza jinsi Mama Ngiri alivyolima, tuta kwa tuta, na maneno yaleyale aliyoambiwa, na pale Nyani alipokaa akitafuna, mpaka watu wakamwona Mama Ngiri shambani kwake na jua likimchoma mgongo. Mama Ngiri mwenyewe akalia. Halafu akasimama Kwale. Hakupanua mdomo sana. Akasema, "Mheshimiwa, mzizi ni wa udongo unaoulisha," akataja na sheria yenyewe, akakaa.

Nyani akashinda.

Ndiyo, Nguchiro alishindwa! Mlitaka ashinde? Hata mimi nilitaka. Majirani wakamgeukia Mama Nguchiro haraka, wamefurahi walivyofurahi. "Pole, mama. Mwanao kashindwa."

Mama Nguchiro akasimama, akafunga kanga yake vizuri. "Kashindwa," akasema. "Lakini mmemsikia?"

Majirani wakaanza kukusanya mikeka yao.

"Nauliza, mmemsikia au hamkumsikia?"

"Tumemsikia," wakasema.

Mama Ngiri naye hakukasirika. Alikuja na chungu kipya cha viazi, akakiweka mbele ya Nguchiro. "Mwanangu, nimeshindwa vizuri. Sijawahi kusemewa hivi. Mwakani nina kesi na Fisi. Onja kabisa, tufungane."

Nguchiro akafunua chungu, mvuke ukampanda usoni. Akawaita wenzake, "Njooni, ndugu zangu, tule!" Nungunungu akaanza kukimbia. Kwale akamkanyaga mguu.

"Asante, ndugu yangu," Kwale akasema. "Kula tu. Mwakani Fisi huenda akaja kwetu."

Basi Nguchiro akala peke yake, mpaka ukoko.

Na mafundisho? Waheshimiwa wa mbele wananitazama, wanataka mafundisho, maana ngano bila mafundisho haina risiti. Haya. Kwanza, vijana, msiulize maswali, mtanyimwa muda wa kupanua midomo. Pili, nzi akiingia kooni mmeze, ndiye mteja wa kwanza. Na nyinyi waheshimiwa, hili ni lenu: mlishe kijana wako. Mpe kijiko leo, mpe kijiko kesho, mwache alambe mwiko kila siku. Sikuambii kwa huruma. Nakuambia kwa sababu hakuna kitu cha kutisha ofisini kama kijana mwenye mdomo usioonja chochote.

Ngano yangu naitua hapa, mzigo wenu huo. Iliyemnogea aende nayo nyumbani. Iliyemkwama kooni, kosa ni lake, alikuwa anatafuna nilipokuwa nasema.

Chungu!

— Kimefunuliwa!

Nani ataonja?

— Wakubwa kwanza!

Nilijua.